Ugomvi wa sikilidi tangini: tunavyodhani na ilivyo kweli

Kwanza tuelewane, sikilidi ni ukoo mkubwa wa samaki na siyo mgeni kwetu. Sato unayemla na ugali ni sikilidi, perege hivyohivyo, furu wa Ziwa Victoria pia, na kuhe wa Kigoma ni miongoni mwa sikilidi wakubwa kabisa duniani. Wale wa rangirangi wanaofugwa kwenye matangi ya vioo Ulaya na Marekani wengi asili yao ni Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Sasa ukiwaweka tangini unashangaa mbona wanapigana kama watu wenye kesi ya mpaka wa shamba, na kiukweli ndo kesi yenyewe hiyo.

"Huyo dume ana roho mbaya, mtoe tangi litulie." Hii nimeifanya mwenyewe. Nilikuwa na mbuna dume, yaani sikilidi wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, anawakimbiza wote, nikamtoa nikampa rafiki, siku mbili amani, ya tatu dume mwingine aliyekuwa kajibanza nyuma ya filta, mashine ya kuchuja maji, miezi yote kang'aa rangi na yeye anakimbiza watu vilevile. Baadae nikaja kuelewa. Kuna samaki anaitwa Astatotilapia burtoni, wa Tanganyika na mito ya jirani, wamemchunguza sana. Dume mwenye eneo lake anakuwa bluu au njano na mstari mweusi unaopita jichoni, asiye na eneo amepauka kama jike. Watafiti wakamtoa bosi usiku gizani, taa zilipowaka asubuhi aliyekuwa chini yake akaona kiti kiko wazi, dakika chache tu kashabadilika rangi anafukuza wenzake. Yaani unamtoa mtu, cheo kinabaki palepale kinamsubiri mwingine.

"Weka wachache, watakuwa na nafasi." Kwa mbuna ni kinyume kabisa. Ukiweka watatu, mnyonge ni mmoja na anakula kichapo peke yake kutwa nzima mpaka afe. Ndo maana wafugaji wengi wanajaza kumi na tano hadi ishirini kwenye tangi la lita 300 hivi, majike wengi kuliko madume, ili kipigo kigawanyike na asiwepo wa kumiliki tangi zima. Lakini filta iwe ya nguvu na maji ubadilishe kila wiki, la sivyo utaua wote kwa uchafu. Na usiichukue hii uipeleke kwa kila sikilidi, wale wanaoishi wawili wawili ukiwajaza hivyo umewatesa.

"Mawe ni urembo tu." Hapa ndo watu wengi tunafeli, mimi mwanzoni niliweka jiwe moja kubwa katikati eti lipendeze, nikawa nimempa mbabe mmoja ikulu na wengine nimewaacha barazani. Jiwe ni ukuta, ni mlango, ni mpaka. Samaki asiyemwona jirani hana sababu ya kumfuata, kwahiyo panga marundo kadhaa yaliyoachana, yapande juu yakate macho, kila rundo liwe na mapango ya kuingilia huku na kutokea kule. Yakalishe kwenye sakafu ya tangi kabla ya kumwaga mchanga maana hawa jamaa wanachimba, jiwe lililokaa juu ya mchanga linaweza kumwangukia samaki au kupasua kioo. Ukileta wageni pangua mawe yote upange upya alafu zima taa, wenyeji wakiamka hamna mwenye hati ya kiwanja.

"Majike ni wapole." Muulize aliyefuga Julidochromis marlieri, sikilidi wa Ziwa Tanganyika, jike ndo mkubwa na ndo mkali.

"Samaki hana akili wala kumbukumbu." Neolamprologus pulcher wa Tanganyika anamtambua jirani yake kwa alama za usoni, jirani aliyemzoea anamwacha, mgeni anamkodolea macho. Na hawa wanaishi kama ukoo: mume, mke, alafu wasaidizi ambao wengine hata siyo ndugu zao, wanasafisha mayai, wanatoa mchanga pangoni, wanafukuza maadui. Msaidizi akizembea wenye nyumba wanamkemea, anaweza hata kutimuliwa, maana kazi yake ndo kodi ya chumba. Kwahiyo ukiona mkubwa anamsukuma mdogo siyo lazima umwokoe, pengine anadaiwa.

"Jike hali, anaumwa." Kama ni wa Nyasa na kidevu kimevimba, chungulia vizuri, mdomoni kuna mayai au watoto. Atakaa nao kama wiki tatu bila kula vya maana, na muda huo wote anataka kona ya kujificha, madume hawana adabu.

Wa kuwahi ni yule anayening'inia juu pembeni, karibu na uso wa maji, mapezi yamechanika na chakula kikishuka hasogei. Huyo amenyimwa kiwanja tangi zima, ukisubiri kesho unaweza kumkuta ameelea, mtenge leoleo. Na kama ni lazima umtoe mbabe, mtoe kwa siku chache tu kwenye tangi lingine, huku nyuma wengine wagawane maeneo na wewe upangue mawe, alafu mrudishe usiku taa zimezimwa, aingie yeye ndo mgeni.