Watimita ya sindano na transdyusa: yanayosemwa na yalivyo

"Mzee, hii si ya kupelekwa makumbusho?" Kijana wa karakanani kwetu, hapa Unguja, aliniuliza nilipoitoa watimita ya sindano, yaani mita ya kupima wati, kwenye sanduku lake la mbao. Tulikuwa tunakagua transdyusa ya umeme, kile kidude cha kwenye paneli kinachopokea volti 110 na ampia 5 kutoka transfoma za kupimia, kikatoa miliampia 4 hadi 20.

Eti cha zamani hakipimi sawasawa. Umri peke yake haupotoshi kitu. Watimita ya daraja la usahihi la 0.2 iliyohakikiwa karibuni, yenye cheti kinachotaja kosa la kila alama, unajumlisha au unatoa, basi. Ya dijitali isiyo na cheti inakupa tarakimu tano, usijue uamini ipi. (Kwetu huku, kabla ya kulaumu mita, kwangua kwanza kutu ya kijani kwenye vifungio. Hewa ya chumvi haina adabu.)

Kosa linalotuumiza zaidi ni kudhani daraja la 0.5 maana yake asilimia 0.5 popote sindano iliposimama. Asilimia hiyo ni ya upeo wa skeli. Mita ya volti 300 inaruhusiwa kukosea volti 1.5, ukisoma 110, hiyo ni karibu asilimia 1.4. Utaihukumuje transdyusa ya daraja la 0.5 kwa kipimo hicho? Chukua ya daraja la 0.2 yenye upeo wa volti 150, kosa litashuka hadi kama asilimia 0.27. Halafu fumba jicho moja, usogeze kichwa mpaka sindano ifunike taswira yake kwenye kioo kilicho nyuma yake.

Wengine hutafuta chanzo cha umeme chenye usahihi mkubwa. Kitulie tu, inatosha: mmoja asome wati, mwenzake miliampia, kwa wakati mmoja.

Wala usipime kwa pawafakta 1 (yaani volti na mkondo zikienda sambamba) ukafunga kazi. Kwenye pawafakta 0.5, pembe kati ya volti na mkondo ikikosewa dakika 10 tu (si za saa, ni sehemu 10 kati ya 60 za digrii moja), wati zinapotoka kwa asilimia 0.5.

Na miliampia 4 bila mzigo si ubovu. Ndiyo sifuri yake. Ikisoma 0 kabisa, tafuta waya uliokatika. Kwa ile inayopima umeme unaoweza kupita upande wowote, kwenda au kurudi, sifuri huwa miliampia 12.

Nilipokuwa namweleza hayo, kijana alishaanza kulegeza waya wa transfoma ya mkondo, ile inayotoa ampia 5, mzigo ukiwa unapita. Nikamdaka mkono. Ile huunganishwa kwanza ncha zake mbili, ndipo waya uchomolewe. Ukiuacha wazi, volti hupanda hadi kuua.