"Tribe" halikuzaliwa Afrika

Mbele yangu, hapa Dodoma, kuna daftari la mwanafunzi wa kidato cha pili. Nilimwomba aeleze neno la Kiingereza "tribe". Ameandika: "Ni watu wa Afrika wa ukoo mmoja, wanaoishi kijijini." Simlaumu, maana hata watu wazima wengi ndivyo wanavyoamini.

Kwamba neno hili lilitungwa kwa ajili yetu, si kweli. Asili yake ni "tribus" la Kilatini, lililopita Kifaransa cha kale likaingia Kiingereza karne ya 13, na huko mwanzoni lilitumika hasa kwa makabila 12 ya Israeli. Waafrika tulibandikwa baadaye sana.

Wengine husema "tribe" maana yake ni damu moja. Hapa ndipo Roma inaponivutia zaidi. Masimulizi ya Warumi yanataja makabila matatu ya mwanzo, na ndiyo sababu wengi hulihusisha neno na "tatu", ingawa wanaisimu hawajakubaliana. Lakini kufikia mwaka 241 K.K. yalikuwa 35: 4 ya mjini na 31 ya mashambani. Raia aliandikishwa humo, akapiga kura humo. Mtoto alirithi kabila la baba yake, lakini chanzo chake kilikuwa eneo. Ni kama tungesema mtu wa Kizota na mtu wa Nzuguni ni makabila mawili kwa sababu ya kata zao!

Na "kabila" letu? Lina asili ya Kiarabu, katika mzizi mmoja na kabla, kibla, kukabili na kukubali. Ni maneno ya kuelekeana na kupokeana. Nalipenda sana jambo hili.

Dhana ninayoipinga kwa nguvu zaidi ni kwamba makabila yamekuwa hivi yalivyo tangu enzi. Wagogo hawakuwa na mfalme mmoja. Walikuwa na watemi wengi, kila mmoja na ardhi yake aliyoiombea mvua, na koo nyingi za Kigogo husimulia asili yake kwa majirani, wakiwamo Wahehe na Wanyamwezi. Mwingereza ndiye aliyetaka kila kabila liwe na mipaka na mkuu wake: Gavana Donald Cameron aliwasili mwaka 1925, na mwaka 1926 ikatungwa sheria ya mamlaka za wenyeji. Watu walikuwapo na lugha zao zilikuwapo, lakini mistari ile ya ramani ilichorwa ofisini.

Mwenye daftari hili baba yake ni Mgogo, na mama yake ni Mrangi wa Kondoa. Sijalikata jibu lake kwa kalamu nyekundu. Pembeni nimemwandikia: "Na Warumi je?"