Riwaya za vijana kuhusu jamii dhalimu hazikuanza mwaka 2008
Wasomaji wengi huamini kwamba riwaya za vijana zinazosawiri jamii dhalimu za siku zijazo zilizaliwa mwaka 2008, Suzanne Collins alipochapisha The Hunger Games. Imani hiyo si sahihi. Lois Lowry alitoa The Giver mwaka 1993, akisimulia mvulana ambaye, anapotimiza miaka 12, hukabidhiwa kumbukumbu zote ambazo jamii yake imezifuta ili isihisi maumivu. Na mwaka uliofuata kitabu hicho kilitunukiwa Nishani ya Newbery, tuzo ya fasihi ya watoto nchini Marekani. Kwangu mimi, utulivu wake unatisha kuliko mapigano yoyote, kwa kuwa humo dhuluma huja kwa sura ya upole. Alichokifanya Collins, tena kwa ustadi mkubwa, ni kuipanua hadhira.