Kufanya kazi kwenye Chrome si ushahidi kwamba msimbo ni sahihi

Nimeletewa tena ombi ambalo nimelipokea mara nyingi mno: mteja anataka "kasoro ya Safari", kivinjari cha Apple, iondolewe, kwa sababu fomu yake ya kuweka nafasi inakwenda vizuri kwenye Chrome, ilhali wageni wake wenye iPhone wanaambiwa kwamba tarehe ni batili. Dhana iliyo nyuma ya ombi hili ndiyo inayonichosha kuliko zote, nayo ni kwamba Chrome ndiyo mizani, na kivinjari chochote kinachotofautiana nayo ndicho chenye kosa.

Mizani ni ECMAScript, kiwango rasmi cha lugha ya JavaScript. Kuhusu kugeuza maandishi kuwa tarehe, umbo la kutegemewa linalotambuliwa na kiwango hicho ni mwaka, mwezi na siku vikitenganishwa kwa vistari, kisha herufi T, kisha saa. Maumbo mengine ya kubuni yameachwa kwa hiari ya kila injini, yaani sehemu ya kivinjari inayoendesha msimbo. Seva ya mteja wangu ilikuwa ikituma "2024-03-05 10:00:00", jinsi hifadhidata inavyoitoa, yaani ikiwa na nafasi tupu mahali pa T. Injini ya V8 iliyomo ndani ya Chrome huyakubali maandishi hayo, lakini WebKit ya Safari iliyakataa kwa miaka mingi, na zote mbili zilikuwa na haki. Aliyekosea ni mwandishi wa msimbo.

Lipo pia kosa la tarehe ambalo vivinjari vyote hukubaliana nalo, na kwa hiyo kulijaribu kwenye vivinjari kumi hakusaidii. Maandishi "2024-03-05" yasiyo na saa husomwa kama saa sita usiku ya UTC, saa ya kimataifa ya marejeo. Dar es Salaam au Nairobi wakati huo ni saa tisa usiku ya tarehe hiyo hiyo, kwa hiyo mwanaprogramu wa huku haoni tatizo lolote, ilhali msomaji aliye New York huonyeshwa tarehe 4. Ukiongeza saa bila kutaja ukanda wake, maandishi husomwa kwa saa za mahali alipo mtumiaji. Ndiyo maana ninasisitiza, hata nikionekana msumbufu, kwamba seva itume "2024-03-05T10:00:00+03:00" na si pungufu ya hapo.

Anayedhani kwamba Chrome yenyewe haibadiliki akumbuke upangaji wa orodha. Kitendaji cha kulinganisha, yaani kipande cha msimbo kinachoamua kipi kati ya vitu viwili kitangulie, kinapaswa kurudisha namba hasi, sifuri au namba chanya, lakini wengi walirudisha kweli au si kweli, na orodha fupi zikapangika vizuri. Chrome 70 ilipobadilisha njia yake ya kupanga mwaka 2018, orodha hizo ziliacha kupangika, na lawama zikaangukia kivinjari badala ya kitendaji kilichokuwa kibovu tangu mwanzo.

Wengine hunihakikishia kwamba wamejaribu iPhone kwa Chrome na kwa Safari, hivyo wamejaribu vivinjari viwili. Hapana. Apple imevitaka vivinjari vya iPhone vitumie WebKit, na ilipolegeza sharti hilo mwaka 2024 ilifanya hivyo kwa Umoja wa Ulaya. Umejaribu injini moja mara mbili.

Kuandika skripti inayouliza jina la kivinjari kabla ya kuamua la kufanya nako si dawa. Chrome hujitambulisha kwa maneno yenye Mozilla na Safari ndani yake. Uliza kama uwezo unaouhitaji upo. Jina halina maana.

Mwisho, kufuta kache, yaani nakala za faili ambazo kivinjari huhifadhi. Hili hutajwa kabla mtu hajaangalia lolote, nalo husaidia tu pale faili la zamani linapokuwa limebaki kwenye kifaa. Mimi hufungua konsoli ya kivinjari kinachogoma, yaani dirisha linaloonyesha makosa ya msimbo, ikibidi kwa kuiunganisha simu na kompyuta kwa waya, na kusoma kosa la kwanza kabla ya yale yanayolifuata. Safari za kabla ya toleo 16.4 la mwaka 2023, kwa mfano, hazikuelewa ruwaza za kutafuta zinazoangalia maandishi yaliyotangulia. Ruwaza moja ya aina hiyo, hata ikiwa kwenye mstari wa mwisho, ilitosha kuzuia faili zima la skripti lisianze, na vitufe vyote vya ukurasa vilivyolitegemea vikakaa kimya.