Kumhurumia mkosaji si kumwachia

Kila nikimaliza kufundisha metta, yaani zoezi la Kibudha la kuwatakia wema watu wote, hata adui, kuna mkono utanyooshwa: "Mwalimu, kwa hiyo muuaji tumwache tu?" Swali hili limenichosha. Hapana, hakuna aliyesema aachwe.

Tazameni Kambodia. Khmer Rouge, kundi la kikomunisti lililoua watu wengi, walitawala tangu 1975 hadi 1979, wakafunga mahekalu na kuwavua watawa mavazi yao. Mtawa Maha Ghosananda alipoteza ndugu zake wote. Alipofika kambi ya wakimbizi ya Sa Kaeo, Thailand, alikuta wafuasi wa Khmer Rouge na wahanga wao wamebanana humo humo. Akapita katikati yao na vazi lake la rangi ya zafarani, akigawa vikaratasi vyenye maneno ya metta, bila kuuliza nani alikuwa nani. Watu walilia.

Je, machozi yale yalifuta kesi? Duch, mkuu wa S-21, gereza la Khmer Rouge, alifikishwa mahakamani kwa vifo vya watu wasiopungua 12,272. Mwaka 2010 alihukumiwa miaka 35; mwaka 2012 rufaa ikamfunga maisha. Huruma haina ugomvi na hukumu hiyo. Kumfungia muuaji kunawalinda watu, na kunamzuia yeye mwenyewe asizidi kujirundikia karma mbaya, yaani matokeo ya matendo yake. Inachokataa huruma ni kumtesa, na kuchekelea anavyoteseka. Ghosananda naye alifundisha kwamba kupatana si kusalimisha haki.

Wapo pia wanaosema aliyedhulumiwa analipa karma ya zamani. Jamani! Katika maandiko ya kale, mtu aitwaye Sivaka alimuuliza Budha jambo hili hili, naye akakataa kwamba kila maumivu yanatokana na matendo ya nyuma. Alitaja visababishi vingine: nyongo, kohozi, mabadiliko ya hali ya hewa, hata kushambuliwa na mtu. Msimwambie mfiwa kwamba analipa karma.

Eti huruma ni unyonge? Mwaka 1994 matembezi ya amani ya Ghosananda yalinaswa kwenye mapigano. Mtawa mmoja wa kiume na mmoja wa kike waliuawa. Huo si unyonge.

Na hakuna anayelazimika kuanza na adui. Mpangilio wa kale wa metta ni wewe kwanza, kisha umpendaye, kisha asiyekuhusu, adui mwisho. Mwenye jeraha bichi mimi humwambia: huyo aliyekuumiza mweke kando hata mwaka mzima. Anza na nafsi yako, halafu yule mama anayekuuzia maandazi asubuhi.