Jodari mwenye alama, na maneno ya dikoni

Dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, husikika maneno mengi kuhusu takwimu za uvuvi. Haya manne nayajibu.

"Watafiti huhesabu samaki walioko baharini."

Hakuna awezaye; hukadiria kutokana na wanaovuliwa. Karani wa takwimu hufika dikoni siku chache za mwezi, hupima kilo, kisha huuliza: chombo gani, mtego au mshipi, watu wangapi, mmekaa baharini saa ngapi? Hayo maswali ya mwisho, yanayowachosha wavuvi, yana uzito kuliko mizani yenyewe. Diko likishusha tani zile zile za zamani huku ngalawa zimeongezeka maradufu, kila chombo kinarudi na nusu ya kile kilichokuwa kikipata. Anayetazama jumla peke yake atasema mambo ni shwari.

"Samaki wa kwetu ni wa kwetu."

Tafi na changu wa mwambani, kwa kiasi kikubwa, sawa. Jodari, hapana. Kati ya 2005 na 2007, mradi wa Kamisheni ya Jodari wa Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, uliwatia alama jodari zaidi ya 160,000, na sehemu kubwa yao waliachiwa katika maji ya Tanzania. Maelfu walinaswa tena, hasa na meli kubwa za nyavu za kuzungushia zinazoshusha mzigo bandari ya Victoria. Urefu wa siku ya kuachiwa, urefu wa siku ya kunaswa na muda uliopita katikati ndivyo vinavyoonyesha samaki anakua kwa kasi gani. Baadhi walidungwa pia dawa inayoacha mstari kwenye vijiwe vya masikio, ambavyo husomwa ili kujua umri wa samaki, ili anayesoma umri wao ajue pa kuanzia. Kazi yote hiyo hutegemea mpakuzi mmoja aione alama na kuirudisha badala ya kuitupa na matumbo.

"Wavuvi wa starehe wanacheza tu."

Malindi na Watamu, msimu wa kaskazi, boti za watalii huwatia sulisuli na nduwaro alama na kuwaachia. Samaki hao hawapiti dikoni, kwa hiyo bila daftari la nahodha hakuna kumbukumbu yao. Kwa maoni yangu madaftari hayo yanastahili kusomwa zaidi. Ila tusiwapambe: wageni hufuata samaki wakubwa, kwa msimu, na baadhi ya wanaoachiwa hufa baadaye kwa jeraha au uchovu. Daftari lao halielezi bahari nzima.

"Jibu limebadilika, basi wanabahatisha."

Tathmini ya Kamisheni ya 2015 ilisema jodari wa mapezi ya njano katika Bahari ya Hindi wamevuliwa kupita kiasi. Ile ya 2024 ikasema sivyo. Katikati, namna ya kusoma takwimu za meli za ndoano nyingi ilifanyiwa marekebisho, na makadirio mengine ya kibayolojia yakapitiwa upya. Mwenye kutaka kubisha aanzie hapo, kwenye takwimu zilizoingizwa, kabla ya kuwaita watu waongo.