Kabla hujampandisha binti basi la Dar: malezi, shule na kujiamini kwake

Habari za majukumu ndugu zangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Tupo kwenye Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, zimeanza 25 Novemba na zinaisha 10 Desemba, na kama kawaida kipindi hiki sisi wa ustawi wa jamii tunapokea simu nyingi. Zilizonisukuma niandike ni za aina moja. Binti amefanya mtihani wa la saba mwezi wa tisa, amefaulu, anatakiwa kuanza kidato cha kwanza Januari, afu hayupo. Ukiuliza unaambiwa yupo Dar kwa mama yake mkubwa. Ukiuliza mama mkubwa yupi, anakaa wapi, namba yake ipi, hamna anayejua.

Tuelewane kwanza, sisemi kila anayempeleka mtoto mjini ni mhalifu. Wengi mna nia nzuri kabisa, mnaona miezi mitatu ya kukaa nyumbani ni mingi, kuna wadogo zake wanahitaji madaftari, na aliyekuja kumchukua ameongea vizuri, katoa nauli na hela ya sukari juu. Mikoa yetu hii ndio iko juu kwa maambukizi ya VVU nchini, utafiti wa 2022-23 ulionyesha Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6 kwa watu wazima, na matokeo yake tunayaona kwenye mafaili, mabinti wengi wanalelewa na bibi, na bibi mwenyewe anaishi kwa kibarua cha kuchuma chai au kupalilia mpunga wa watu, sasa akitokea mtu anasema nitamsomesha huko huko, bibi atakataaje? Lakini Januari inafika na huko huko shule hamna, kuna kazi za ndani, kuamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa sita usiku.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Umri wa chini wa kufanya kazi ni miaka 14, na hapo ni kazi nyepesi tu isiyomdhuru na isiyomzuia kwenda shule. Kazi za usiku, maana yake kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, mtoto haruhusiwi kabisa. Wanaomaliza la saba wengi hawajafika hata hiyo 14, kwa hiyo tusianze kubishana kama kazi ya ndani ni nyepesi au nzito. Na hili la "alikubali mwenyewe" naomba liishe. Kwenye sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ya 2008, kukubali kwake hakumtoi hatiani aliyemchukua. Narudia kwa sababu kila ninapoita familia lazima atokee mtu aniambie alikubali mwenyewe.

Ila sheria ni upande mmoja tu, na kusema kweli sio upande unaobadilisha maisha ya binti. Mabinti wanaorudishwa kutoka mjini tunakaa nao ofisini kuwahoji, na nimeona wanatofautiana sana. Mmoja hakuangalii usoni, unamuuliza unataka tukusaidie nini anajibu chochote, nyie mtakavyoona. Hajazoea kuulizwa, nyumbani hakuulizwa, shuleni hakuulizwa, kazini ndio kabisa. Mwingine kapitia maisha yale yale, yatima vile vile, nauli ile ile, lakini alisoma shule ambayo kuna mwalimu alimjua kwa jina, akapewa kushika ufunguo wa maktaba, akasimamia zamu ya chakula, akazoezwa kusimama mstarini kusoma taarifa hata kama mwanzo alikuwa anatetemeka. Huyo ukimuuliza anakwambia nataka kurudi shule, nguo zangu zimebaki kule, na mshahara wa miezi miwili sijalipwa. Anajua anachodai. Akili wanaweza kuwa nayo sawa kabisa, kilichowatenganisha ni kwamba mmoja alilelewa akiwa shule na mwenzie aliandikishwa tu.

Sasa kumlea binti shuleni hakuhitaji bajeti kubwa kama wengi mnavyodhani. Tunataka mwalimu wa malezi ambaye binti anaweza kumfuata bila darasa zima kujua. Tunataka choo chenye mlango unaofungwa na maji, na taulo za kike za dharura ofisini kwa matron, maana binti anayekosa shule siku nne kila mwezi hesabu zinampita, akirudi anaulizwa swali hajui, anachekwa, mwezi unaofuata anaanza kukaa nyuma kabisa ya darasa. Chakula cha mchana nacho. Hapa niseme wazi, elimu bila malipo iliyoanza 2016 mpaka kidato cha nne na ikafika kidato cha sita 2022 imeondoa ada, haikuondoa mzazi. Kuna wazazi wanakataa kuchangia hata debe la mahindi kwa sababu "elimu ni bure", wakati mwaka huo huo kavuna gunia za kutosha, na mtoto wake anakaa na njaa mpaka saa tisa. Hili linanikera, sitaficha.

Viboko pia, maana mzazi akiniona tu anasema mtoto wa kike bila fimbo haendi. Utaratibu upo. Adhabu ya viboko inatolewa kwa kosa kubwa la nidhamu, sio kwa kukosa hesabu wala kwa kuchelewa kwa sababu mto umejaa. Anayeitoa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Haizidi viboko vinne. Mwanafunzi wa kike anachapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina mwalimu wa kike kabisa. Na kila adhabu inaandikwa kwenye kitabu maalum, mkuu wa shule asiyefuata haya anachukuliwa hatua za kinidhamu. Kwa hiyo mwalimu anayeingia darasani na fimbo mkononi toka kipindi cha kwanza yuko nje ya utaratibu, na mzazi anayekuja kumwambia "mchape tu, nimekuruhusu" hana mamlaka hayo ya kumpa. Binti aliyezoeshwa kunyamaza kwa kuogopa fimbo atanyamaza pia siku mtu mzima anamfunga mlango. Sisi ndio tunaletewa hizo kesi, zikiwa zimeshachelewa.

Kuna jambo la mageto. Shule nyingi za kata kwetu ni za kutwa, na ukiangalia Mbarali, Chunya, Kilolo au Ludewa vijiji viko mbali na shule, milima na mito katikati, kwa hiyo mzazi anampangia binti wa miaka 14 chumba karibu na shule, anampa unga, maharage na mafuta ya taa, basi, mpaka mwisho wa mwezi. Chumba hakina mtu mzima. Unga ukiisha wiki ya tatu nani anajua? Bodaboda anajua, muuza duka anajua, mpangaji wa chumba cha pili anajua, na hao ndio wanaoanza kumsaidia. Wazazi mkisikia mimba mnashangaa imetoka wapi. Kama shule ina hosteli, lipieni hosteli hata kwa mazao, ongeeni na bodi. Kama hamna, mabinti wakae watatu au wanne kwa mama mwenye familia ambaye serikali ya kijiji inamfahamu, namba yake apewe mwalimu wa malezi, na mzazi aje kila wiki mbili, asitume tu mzigo kwenye gari. Halafu mfundishe binti kupanga matumizi, mpe hela ya wiki akuandikie alivyotumia, mkosoe bila kumtukana. Ni hapo hapo anajifunza kujitegemea, anajifunza kwamba hela ikipungua kuna mtu wa kumwambia ukweli bila kuogopa.

Wengine mnasema tukiwafundisha hawa watoto kujiamini wanakuwa wajeuri, hawapigi tena magoti kuwasalimia wakubwa. Jamani. Binti anaweza kupiga magoti asubuhi kumsalimia babu yake na jioni akamwambia mwanaume wa miaka 35 sitaki lifti yako. Heshima anabaki nayo, na usalama anaupata. Mimi nimeona mabinti wa shule za Loleza na Iringa Girls wanaongea mbele ya mkuu wa mkoa bila kigugumizi na wakirudi likizo wanachota maji na kumbeba mdogo wao mgongoni kama wengine.

Kwa waliokwisha kupata mimba, ondoeni uvumi vichwani. Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2021 unaruhusu mwanafunzi aliyekatisha masomo kwa sababu mbalimbali, mimba ikiwemo, arudi kwenye mfumo rasmi. Mwongozo wake wa 2022 unatoa nafasi ndani ya miaka miwili, kwa hiyo msikae nyumbani mkingoja mtoto atembee na aanze kuongea, muda unahesabika. Mzazi anaenda na binti kwa mkuu wa shule, na mkuu wa shule akisita njooni kwa afisa elimu au kwetu. Waraka haukuhalalisha mimba za wanafunzi, na wanaosema hivyo hawajausoma. Sheria ya Elimu kifungu cha 60A kilichoongezwa 2016 kipo pale pale, anayempa mimba au kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari kifungo ni miaka 30, na anayesaidia jambo hilo, iwe mshenga, iwe shangazi aliyepokea mahari, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 5 au vyote viwili. Kila mkuu wa shule anatakiwa kupeleka taarifa ya matukio haya kila robo mwaka. Kwa hiyo ile ya kukaa kikao cha ukoo na kumalizana kwa ng'ombe wawili haimalizi kitu, na mimi nikipata taarifa sina hiari ya kunyamaza.

Aliyekwama kurudi darasa la kawaida njia zipo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina madarasa ya sekondari nje ya mfumo rasmi, na chini ya SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, mabinti walioacha shule wanasoma bila ada. Wa msingi kuna MEMKWA, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa. Na msidharau vyuo vya maendeleo ya wananchi, viko 54 nchi nzima toka 1975, huku kwetu mna Nzovwe, Katumba, Ilula, Ulembwe, binti anajifunza ushonaji, umeme, kilimo au upishi na wakati huo huo anaweza kuendelea na masomo ya sekondari, na vingi sasa vina sehemu ya kulelea watoto wadogo ili mama asome. Hapo ndio utaona kujiamini kunavyorudi taratibu. Binti anaingia kainamisha kichwa na mtoto mgongoni, anakaa na wenzie waliopitia yale yale, mwalimu hamuulizi baba wa mtoto ni nani, anamuuliza kipimo cha kiuno umeandika ngapi. Akishona sare ya kwanza ikanunuliwa, hela anashika yeye. Akifika miaka 18 na wenzie wanaweza kuunda kikundi na kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, wanawake wana asilimia nne na vijana asilimia nne, kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, fomu haiuzwi, ukidaiwa hela ya fomu leta taarifa.

Kwa wenye mabinti wa la saba sasa hivi: kama yupo nyumbani abaki nyumbani. Kama ameshaondoka, mpigieni leo aliyemchukua mumwambie arudi kabla ya Krismasi, na simu ikizimwa msisubiri Januari, nendeni kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, Dawati la Jinsia na Watoto kituo chochote cha polisi, au pigeni 116, ni bure na ni masaa 24. Mje na jina kamili la mtoto, umri, shule aliyosoma, namba ya simu ya aliyemchukua, na jina la basi kama mnalikumbuka, hiyo ya basi inatusaidia kuliko mnavyofikiri. Siku ya kuripoti kidato cha kwanza mpelekeni hata kama sare haijakamilika, aende na ya msingi, maelekezo ni kwamba asizuiwe kuanza kwa sababu ya sare au mchango, na shule ikimrudisha mtupigie siku hiyo hiyo akiwa bado getini.